Elimu Maalumu: Fardhi Kifaya Isiyo na Wenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akampa njia za kujifunza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.



Mwaka wa mwisho ukifika, swali moja huzunguka mabwenini, msikitini na kwenye foleni ya chakula: baada ya hapa unaendelea na nini? Wenzetu wa sheria wanataka uwakili. Wa biashara wanataka uzamili wa fedha na benki ya Kiislamu, na hao siku hizi ni wengi mpaka inachekesha. Sisi wa Masomo ya Kiislamu macho yetu yako Madina na Cairo, na asiyepata nafasi huko husema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Basi nitafundisha." Sijapata kumsikia mtu akisema anakwenda kusomea shahada ya pili ili awe mwalimu wa watoto viziwi, au wa watoto wenye usonji, au wa wale ambao mtaani tunawaita kwa majina ambayo hata kuyaandika hapa naona haya. Nataka tulizungumze hilo, na nitalizungumza kwa lugha ya fani yetu, maana naamini jambo hili lina hukumu ya kisheria kabla ya kuwa jambo la huruma.

Sote tumesomeshwa fardhi kifaya. Tukiulizwa mfano, tunakimbilia swala ya maiti. Lakini Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika mlango wa elimu wa kitabu chake cha Ihya Ulumid-Din, anaingiza humo kila elimu ambayo maisha ya watu hayasimami bila yake, na mfano anaouanza ni utabibu. Kisha analalamika, na lalamiko lake lina ukali. Anasema ipo miji ambayo haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu, na hakuna Muislamu anayejishughulisha na kazi hiyo, ilhali wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi, hasa masuala ya khitilafu na mabishano, na mji umejaa wanaofutu. Anauliza vipi wanachuoni wanaruhusu watu wajazane kwenye fardhi ambayo imeshapata wa kuitekeleza, na kuipa mgongo ambayo haina mtu. Sababu anayoitaja ni chungu: utabibu haumpeleki mtu kwenye ukadhi wala kusimamia wakfu na mali za mayatima.

Sasa liondoe neno tabibu, weka mwalimu wa elimu maalumu, kisha tazama Afrika Mashariki. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ni ya Kanisa Katoliki, mwaka 1963. Kenya utakuta hali hiyohiyo Nyang'oma na Mumias. Tuseme ahsante, na tuseme kwa moyo, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyeshukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Wale waliona mtoto aliyeachwa, wakamchukua, wakamsomesha. Lakini mtoto wa Kiislamu aliyelelewa humo alijifunza alama za mikono za dini kutoka kwa nani? Kiziwi hasikii adhana, wala mawaidha ya redioni, wala Qur'ani inayosomwa nyumbani alfajiri. Yote anayoyajua kuhusu Mola wake yamepita kwenye mikono ya mtu fulani. Kama mikono hiyo haikuwa yetu, hatuna wa kumlaumu.

Ndugu zangu, Sura ya 80, Abasa, tunaijua. Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), Sahaba asiyeona, alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume yuko na vigogo wa Kikureshi akitarajia wasilimu. Aya zikateremka kumuelekeza Mtume kwamba huyu aliyekuja mbio huku anamuogopa Mola wake ndiye wa kupewa nafasi. Mawaidha mengi huishia hapo. Mimi ninavutiwa zaidi na yaliyofuata Madina. Ibn Umm Maktum alipewa kazi ya kuadhini. Bilali (R.A.) aliadhini usiku, na Waislamu wakaambiwa waendelee kula daku mpaka wasikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Bukhari amepokea kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha.

Itafakari kazi hiyo. Adhana ya alfajiri inategemea kuiona alfajiri. Ukiwa na kamati ya msikiti ya leo, mtu asiyeona angeondolewa kwenye orodha kabla hajamaliza kuomba. Mtume (S.A.W.) alimpa kazi, na pembeni yake pakawa na mtu wa kumwambia alfajiri imeingia. Hawakusubiri macho yake yapone kwanza. Walitazama ni kipande gani cha kazi kinahitaji macho, kipande hicho kikapata msaidizi, na kilichobaki, sauti, elimu na uaminifu, kikawa chake. Anayesoma elimu maalumu chuo kikuu leo hutumia mihula kadhaa kujifunza kufanya hivyohivyo: kuipasua kazi vipande, kuona mwanafunzi anakwama wapi hasa, na kuweka msaada hapo tu.

Kwa upande wa wasioona, umma huu haukufanya vibaya. Ata bin Abi Rabah, mweusi, kiwete, mwenye jicho moja na mwishowe kipofu, alikuwa mufti wa Makka. As-Safadi katika karne ya 14 aliandika kitabu kizima cha wasifu wa watu mashuhuri wasioona, na humo anamtaja Zaynuddin al-Amidi wa Baghdad, muuza vitabu, aliyekuwa akisokota karatasi kwa umbo la herufi na kuibandika ndani ya jalada ili aijue bei kwa kupapasa. Hiyo ni karne tano kabla ya Louis Braille. Karibu na zama zetu yupo Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyepoteza uoni akiwa kijana wa miaka kama 20, akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia kuanzia 1993 hadi alipofariki 1999.

Majina haya tunayapenda sana kwenye makongamano. Tukiyataja tunajisikia vizuri, tunapiga takbira, tunakwenda kula biriani. Lakini angalia: wote ni wasioona au wenye ulemavu wa viungo. Elimu yetu ilipita kwa ulimi na sikio. Aliyekosa macho alikaa kwenye halaka, akasikiliza, akahifadhi. Nani alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na nani alikuwa na ulemavu wa akili? Ukiniuliza majina yao, sina. Watu hao walikuwepo, ila mlango wa darasa lenyewe ulikuwa sikio, na wao hawakuwa na ufunguo huo. Hapo ndipo pengo letu lilipo mpaka leo, na hadithi za Ibn Baz hazilizibi.

Cha ajabu ni kwamba fiqhi haikuwasahau. Mafakihi wameandika kwamba ishara ya bubu inayofahamika inasimama mahali pa kauli yake, na ndiyo kanuni ya 70 ya Majalla, sheria iliyokusanywa na dola ya Uthmaniya karne ya 19. Ataoa kwa ishara, atauza, ataacha. Tumempa haki ya kufunga ndoa kwa mikono yake lakini khatibu wa Ijumaa hana mkalimani, na mtoto wake hana madrasa. Kule kwetu kuna mtoto kiziwi aliyepelekwa chuoni akiwa na miaka saba. Ustadhi alikaa naye wiki mbili, akampandishia sauti, kisha akamrudisha kwa mama yake na maneno ya upole kabisa: huyu Mwenyezi Mungu amemsamehe, msimsumbue. Kumpandishia sauti kiziwi! Simlaumu ustadhi yule, hakuna aliyemfundisha. Nalaumu hali ya mji mzima kukosa mtu mmoja aliyesomea.

Na hilo neno "amesamehewa" tulitazame vizuri, kwa sababu limekuwa kufuli. Hadithi ya watu watatu walionyanyuliwa kalamu ni sahihi, nasi tunaijua: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka apate akili. Kalamu hiyo ni ya kuandika madhambi. Udhuru huo ni wa mtoto, si wetu. Mzazi na mwalimu kalamu zao zinaandika kama kawaida. Tena kiziwi akili yake ni timamu, hayumo kabisa katika watatu hao akishabaleghe. Mwenye usonji anaweza kuwa mukallafu kamili ingawa hakutazami machoni. Mwenye ulemavu wa akili wamo wa daraja nyingi. Wapo wanaojua halali na haramu, na wapo ambao hawatajua. Nani atapambanua? Kadhi akiletewa kesi ya mali au ndoa ya mtu kama huyo, atauliza nini? Hapa panahitajika mtu aliyejua ahliya na taklif kwenye vitabu vyetu, na akajua pia namna wataalamu wanavyopima uwezo wa mtu wa kuelewa na kujitegemea. Mtu huyo ni wewe ukiongeza shahada moja juu ya hii uliyonayo.

Wapo watakaosema: dua na ruqya zipo. Zipo, na ruqya ya sunna haina ubishi. Lakini mtoto anayezungushwa kwa waganga kuanzia miaka miwili hadi minane, akitolewa majini ambayo hayapo, amepoteza miaka ambayo ubongo wake ulikuwa tayari kupokea lugha. Kiziwi asiyepewa lugha ya alama mapema huchelewa katika kila kitu kinachojengwa juu ya lugha, na hata kumjua Allah kunajengwa juu ya lugha. Yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, aliyepokewa habari zake na Bukhari na Muslim, alipewa hiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka, na Mtume (S.A.W.) akamuombea hilo. Hakuna aliyemuamulia, na hakuna aliyemwambia nyumba yao ina laana.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo, kwa maoni yangu, ingebandikwa kwenye ukuta wa kila darasa la elimu maalumu. Muslim ameipokea kutoka kwa Anas (R.A.). Mwanamke mmoja ambaye akili yake ilikuwa na kitu alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ana haja naye. Mtume akamwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aipendayo ili amtimizie haja yake. Akasimama naye kando ya njia mpaka alipomaliza.

Wengi tunaisoma kama hadithi ya unyenyekevu, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama somo la ualimu. Alimwita kwa kunya yake, kama mtu mzima. Mahali akachagua yeye, kwa sababu mtu wa namna hiyo hutulia zaidi mahali alipopazoea. Ilikuwa njiani wanapopita watu, si faraghani, na hapo pana ulinzi wa heshima ya wote wawili; anayefanya kazi na watu wasioweza kujitetea anajua uzito wa jambo hilo. Na mwisho wa mazungumzo ukapimwa kwa haja ya mwanamke, si kwa ratiba ya Mtume (S.A.W.), ambaye alikuwa na dola ya kuongoza. Mwalimu wa elimu maalumu huandika kwa kila mtoto mpango wake peke yake: anajua nini sasa, lengo la muhula huu ni lipi, atasaidiwa vipi, nani atapima. Darasa lina watoto wanane na lina mipango minane.

Mtu atauliza, huruma haitoshi? Haitoshi. Mwenye huruma bila ujuzi humshika asiyeona mkono na kumburuta. Aliyefundishwa humpa kiwiko, asiyeona akashika mwenyewe na kufuata nusu hatua nyuma. Chukua udhu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili ukimwambia "tawadha" umemwambia mambo mengi kwa mpigo, atachanganyikiwa na wewe utakata tamaa. Ipo njia ya kuanzia mwisho. Unamsaidia mkono kwa mkono kuanzia uso hadi mguu wa kulia, kisha mguu wa kushoto unamwachia yeye. Anaumaliza udhu mwenyewe, anafurahi. Akishaumudu, unamwachia miguu yote miwili, baadaye na kupaka kichwa, mpaka siku moja anaanza mwenyewe toka mwanzo. Na tazama uzuri wake kwa sisi Mashafii: tartibu haikuvunjwa hata siku moja. Udhu ulikwenda kwa mpangilio wake uleule, kilichobadilika ni nani anafanya kipi, na kusaidiwa hakubatilishi udhu. Mtu wa elimu maalumu peke yake angeweza kubuni njia itakayoharibu tartibu bila kujua. Mtu wa fiqhi peke yake angeishia kusema "amesamehewa".

Njia yenyewe haiko mbali. Hapa Uganda, Kyambogo ina kitivo kizima cha elimu maalumu na urekebishaji. Iliyokuwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu iliunganishwa humo chuo kikuu hicho kilipoundwa mwaka 2003, na kuna shahada ya uzamili ya fani hii. Mliotoka Kenya mnayo Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa stashahada ipo taasisi ya KISE, Nairobi, tangu 1986. Watanzania mnakijua chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha. Aliyesoma shahada pamoja na ualimu ana njia nyepesi. Asiyesoma ualimu aanze na stashahada ya uzamili ya ualimu ndipo aende mbele, asiuruke mlango huo kwani ndio unaomwezesha kusajiliwa kama mwalimu. Na kama mfuko haujaruhusu, kufundisha shule ya kawaida miaka miwili mitatu kwanza hakuna ubaya. Utaingia uzamili ukiwa na maswali yako mwenyewe kutoka darasani. Mkopo wa riba usiukaribie. Afadhali uchelewe.

Dola nazo zimeshafungua mlango. Katiba ya Uganda ya 1995 inahimiza kukuzwa kwa lugha ya alama. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza hapa mwaka 1997 kwa watoto wanne kila familia, mwenye ulemavu alitakiwa kutangulizwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali kuikuza lugha ya alama ya Kenya na maandishi ya nukta nundu. Shule zinahitaji walimu, na mshahara wake ni halali tupu. Nayasema haya kwa sababu baadhi yetu huona kuchukua ujira kwenye kazi ya aina hii ni kupunguza ikhlasi. Mtume (S.A.W.) aliwakubalia Masahaba ujira walioupata kwa kumsomea mgonjwa Fatiha. Itakuwaje iwe vibaya kwa mwalimu?

Wazazi ni mtihani mwingine. "Miaka yote hii tumekulipia ukawafundishe mabubu?" Dada zetu watalisikia kwa ukali zaidi, pamoja na lile la kwamba utaambukiza tumbo lako ukizaa. Hilo la pili ni tiyara, na tiyara tumekatazwa. La kwanza lijibu kwa adabu na kwa mifano, usibishane na baba mbele ya wageni. Mwambie shehe fulani wa hapo mtaani ana mjukuu wa namna hii aliyefichwa chumba cha nyuma, kwani karibu kila mtaa anaye, na umuulize baba angependa nani amfundishe Fatiha.

Mlio mwaka wa kwanza na wa pili, msisubiri shahada. Mjini Mbale na kila mji mnaotoka wapo viziwi watu wazima, mafundi na wachuuzi. Nendeni mkajifunze kwao alama, saa moja kwa wiki inatosha kuanza. Mjue tu kwamba lugha ya alama ya Uganda, ya Kenya na ya Tanzania si moja, na ya Waarabu ni nyingine kabisa, kwa hiyo usilete video ya Riyadh ukadhani umemaliza. Neno kama "ghaibu" au "qadari" litafanyiwa alama gani ambayo mtoto wa Busoga ataielewa, bila kumpa Allah umbo mikononi? Suala hilo ni la tawhidi na la lugha kwa pamoja. Wa mwaka wa tatu ambao bado hamjampelekea msimamizi mada ya utafiti, hiyo iko wazi. Ipo pia ya hukumu ya mkalimani wa alama wakati wa hotuba ya Ijumaa, asimame wapi na wamtazame vipi ilhali hotuba inataka utulivu. Na ipo ya kumfundisha asiyeona kusoma Qur'ani kwa nukta nundu, ambazo kwa Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, jambo ambalo linamchanganya ustadhi kuliko linavyomchanganya mwanafunzi.

Wabillahi tawfiq.